Amri na Mwaliko: Mashua Zetu katika Tamasha la Ngoma

Wahenga wametuachia methali isemayo kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sisi wanakamati saba tulikuwa tumeifundisha methali hii kwa miaka mingi, tukawapa wanafunzi waitungie insha, na insha zao tukazisahihisha kwa wino mwekundu. Lakini hatukuijua maana yake barabara mpaka siku ile tuliposimama katika mwalo wa Ggaba, jijini Kampala, tukiwa na mashua mbili zenye nafasi 50 na wageni 83 wanaosubiri kupanda. Yaliyotupata siku hiyo, na hasa maneno machache yaliyotutoka vinywani pasipo kuyapima, ndiyo tunayotaka kuwasimulia ndugu zetu walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Hatusimulii kwa kujigamba wala kwa kujililia. Twasimulia kwa sababu kosa letu lina somo ndani yake, na mwalimu anayeficha kosa lake huwanyima wenzake funzo walilostahili kulipata bure.

Shauri lenyewe lilianza hivi. Mwenzetu mmoja alikuwa amerudi kutoka Ireland alikokwenda kusoma, na jioni moja, baada ya mkutano, akatuhadithia habari za mifereji ya huko. Upo mfereji mkubwa uliotolewa Dublin ukafikishwa hadi mto Shannon. Ulianza kuchimbwa mwaka 1756 na mashua zikafika Shannon mwaka 1804. Zamani ulibeba mizigo, siku hizi ni wa matembezi tu. Mji ulio kando ya mfereji unapofanya tamasha la muziki wa jadi, alisema, wenye mashua huzileta kutoka mbali, huzifunga ukingoni safu kwa safu, na watu hulala humo, hupika humo, na usiku wapiga fidla na filimbi hupita kutoka mashua hadi mashua kama majirani wanaotembeleana. Hakuna tikiti wala jukwaa. Mwenzetu alipomaliza, tulikaa kimya kidogo. Kisha mmoja wetu akauliza: je, na sisi?

Kampala haina mfereji. Au tuseme kweli: ina mfereji ambao haukumalizika. Msomaji anayefika Mengo na kuteremka upande wa Ndeeba atakutana na ziwa dogo liitwalo Ziwa la Kabaka. Ziwa hilo halikuletwa na mvua. Lilichimbwa kwa mikono katika miaka ya 1880 kwa amri ya Kabaka Mwanga II, ambaye alinuia kulichimbia njia ya maji mpaka Ziwa Nalubaale, ndilo liitwalo Viktoria, ili aweze kupanda chombo karibu na ikulu yake na kushukia ziwani. Watu wakubwa kwa wadogo walilazimishwa kuchimba, na kazi ile ya shuruti ilizidisha manung'uniko. Mwezi wa Septemba 1888 zikavuma habari kwamba Kabaka anataka kuwachukua wale walioitwa wasomaji, yaani Wakristo na Waislamu, awapeleke kwa mitumbwi katika kisiwa na kuwaacha huko wafe kwa njaa. Walipoamriwa kupanda, walikataa. Mwezi ule ule Mwanga akaondolewa katika kiti chake, na mfereji ukabaki ndoto. Tuliijua historia hii, tena baadhi yetu tumeifundisha. Hata hivyo haikutupitia akilini kwamba habari ya watu wanaokataa kupanda chombo ingeturudia sisi wenyewe.

Basi tuliamua kwamba, kwa kuwa mfereji hatuna na ziwa tunalo, mkutano wetu wa mwaka tuufanye majini, kando ya tamasha la ngoma za jadi ambalo lingefanyika ufukoni baina ya Ggaba na Munyonyo, Jumamosi moja ya Januari, wakati shule zimefungwa na mvua zimepungua. Watayarishaji wa tamasha walilipokea shauri kwa moyo mweupe. Wakatupa nafasi: saa kumi alasiri mashua zetu zipite mbele ya ufuko, wanafunzi wetu waimbe kwa Kiswahili, na wapigaji walio nchi kavu wawajibu kwa ala zao. Nasi tukakubali kuwapa nafasi sita katika mashua wazee wa kundi moja la waimbaji, wake kwa waume, ambao walisema wamechoka kuimba juu ya majukwaa ya mbao na wangependa kuyasikia makasia tena.

Hapa inatupasa tueleze kidogo habari za ala hizo, kwa manufaa ya wasomaji walio mbali na Uganda. Amadinda ni marimba ya vibao 12, vinavyolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Hupigwa na watu watatu. Wa kwanza huanzisha mfuatano wake. Wa pili huingiza sauti zake katikati ya sauti za wa kwanza, kila moja pale palipo wazi. Wa tatu hushika vibao viwili vya juu tu, akazirudia huko juu sauti anazozisikia katika vibao viwili vya chini. Msikilizaji hawezi kupambanua ipi ya nani; husikia wimbo mmoja uendao mbio kuliko mkono wa mtu yeyote. Ipo pia entenga, ngoma 15 za ikulu, ambazo 12 kati yake zimepangwa sauti kama marimba, na huhitaji wapigaji sita. Tarehe 24 Mei 1966 ikulu ya Mengo iliposhambuliwa na jeshi la serikali, wapigaji hao walitawanyika, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Zilirudishwa mwaka 1993. Katika miaka yote ile ya katikati, elimu ya ala hizi iliponea kwa watu wachache, kama hayati Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu aliyefundisha katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Kwa hiyo tamasha la ngoma za jadi mjini Kampala si mchezo wa kujifurahisha peke yake. Kila mzee anayeshika vijiti ameshika kitu kilichokaribia kupotea.

Maandalizi yalituchukua miezi minne, na mingi katika miezi hiyo ilikwenda katika kutafuta mashua. Hatukutaka mashua yoyote. Ziwa letu hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na wanaolidharau hulilipa. Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Na baada ya miezi miwili hivi, tarehe 24 Novemba 2018, chombo cha burudani kilichobeba watu kupita kiasi kikazama upande wa Mukono, si mbali na hapa tulipo. Zaidi ya watu 30 walikufa, wengi wao vijana waliotoka kustarehe siku ya Jumamosi kama sisi tulivyokusudia. Wavuvi wa mialo hii ni miongoni mwa waliokimbilia kuwaopoa. Tangu hapo, na hasa baada ya sheria mpya ya usafiri wa majini ya mwaka 2021, mtu mwenye busara huuliza cheti cha chombo kabla ya kuuliza nauli.

Tulimpata nahodha mmoja, mvuvi wa makamo, mwenye mashua mbili za mbao zilizotengenezwa vizuri, mashine zake mpya, na maboya ya kuvaa ya watu wote. Alituonyesha cheti: abiria 25 kwa kila mashua. Mmoja wetu alimwuliza, kwa sauti ya mtu anayejua dunia, kama idadi ile ni ya kwenye karatasi tu. Nahodha akamtazama, akasema, "Mwalimu, wewe darasani una viti vingapi?" Hakuongeza neno.

Tatizo ni kwamba kila mwanakamati alialika. Mmoja aliwaalika wanafunzi wake wa jioni, mwingine mashemeji zake, mwingine wakaguzi wawili aliotaka kuwapendeza. Orodha hazikukutanishwa mahali pamoja mpaka asubuhi ya siku yenyewe, na ndipo tulipohesabu vichwa 83 chini ya mwembe wa pale mwaloni. Hapo methali yetu ikatusuta. Mmoja alisema watoto hawahesabiwi. Wa pili akasema tuwape nafasi waliolipa mapema. Wa tatu, wageni kwanza. Wa nne akapendekeza twende mara mbili, ingawa tulikwisha elezwa kwamba upepo huongezeka jioni na kwamba zamu yetu mbele ya ufuko haikuzidi nusu saa. Tulibishana mbele ya wageni, tena kwa sauti. Nahodha alikuwa ameketi juu ya ndoo akifumua nyavu, na kila tulipomgeukia alijibu jambo moja tu: "Ishirini na watano, ishirini na watano."

Hatimaye tuliamua kwamba watu 33 watabaki nchi kavu, na kwamba wanakamati watano kati yetu saba watabaki pamoja nao, maana haikuwa haki sisi tuliokosea hesabu ndio tukae kwenye vivuli vya mashua. Uamuzi huo tunauona hadi leo kuwa ndio wa busara pekee tuliofanya asubuhi ile. Lakini ulituchelewesha, na kuchelewa kulituletea haraka, na haraka ikatuletea lile tunalotaka kulisimulia.

Mmoja wa wale wawili waliochaguliwa kusimamia mashua alikuwa mwalimu hodari, mwenye sauti kubwa, aliyezoea kupanga wanafunzi 90 uwanjani. Alichukua kipaza sauti cha mkononi akasimama kwenye ubao wa kupandia. Akaita kwa Kiswahili, kwa kuwa siku ilikuwa ya Kiswahili: "Haya, pandeni! Panda, panda upesi! Kaa chini! Mikono ndani! Wewe, kaa chini! Nyamazeni!"

Hakuwa na nia mbaya. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kitu. Wanafunzi walicheka, wakapanda. Lakini miongoni mwa wale waimbaji sita alikuwamo bibi mmoja mzee, ambaye wote walimwita Jjajja kama ilivyo adabu ya hapa. Alikuwa amekwisha weka mguu mmoja kwenye ubao. Akasimama. Akautoa ule mguu, akarudi nyuma hatua tatu au nne, akaketi juu ya mchanga akiwa na gomesi yake nzuri ya sherehe, mikono yake juu ya mapaja. Tulidhani amepatwa na kizunguzungu. Tukamwendea na maji. Akasema kwa Kiganda, pole pole, bila hasira: "Maneno hayo niliyasikia zamani, nikapanda. Sipandi tena."

Ndugu wasomaji, wale miongoni mwenu waliokulia Uganda hawahitaji kuelezwa. Kwa faida ya wengine, tutaeleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vita na misako ya wakati ule, askari walikuwa wakiuzunguka mtaa wa Kampala alfajiri, wakawatoa watu majumbani, wakawaketisha chini, kisha wakawapakia katika malori. Amri ilikuwa ya Kiswahili, na watu wakaigeuza kuwa jina la jambo lenyewe: panda gari. Waliopanda, wengine walirudi baada ya siku mbili, wengine hawakurudi. Mpaka leo ukitaja maneno hayo mawili mbele ya mtu wa umri fulani, mazungumzo hukatika.

Wala uchungu huo haukuanza hapo. Kiswahili kilifika Buganda katika miaka ya 1840 pamoja na wafanyabiashara kutoka Zanzibar, waliopitia Karagwe hadi kwa Kabaka Suuna II, na wakati huo kilikuwa lugha ya nguo, shanga na vitabu vya dini, na pia, tusifiche, ya bunduki na ya pembe na ya watumwa. Jeshi la kikoloni likakifanya lugha ya kambini. Mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa kuwa askari wake ndio waliosikika wakikisema barabarani, tangazo hilo halikukisaidia kupendwa. Leo hali imebadilika: mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yamekifanya lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sisi walimu tuliyashangilia hayo, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini ni lazima tukiri kwamba katika semina zetu tulizoea kuuita ule woga wa wazee "mtazamo potofu kuhusu Kiswahili", tukauorodhesha chini ya changamoto, kati ya uhaba wa vitabu na uchache wa walimu. Sasa mtazamo potofu ulikuwa umeketi mbele yetu mchangani, umevaa gomesi, na haukuwa potofu hata kidogo.

Tulimwomba radhi. Yule mwenzetu mwenye kipaza sauti alipiga magoti, kama mtoto wa hapa apigavyo mbele ya mkubwa, akasema alichoweza kusema. Jjajja aliitikia kwa upole, akamshika kichwa, akasema ameisikia radhi. Lakini hakupanda. Tulimwambia kwamba mashua ni salama, tukamwonyesha cheti, tukamwonyesha maboya. Akatabasamu. Ilitubainikia kwamba tunamjibu swali ambalo hakuuliza. Tukaacha kumsihi.

Ikawa sasa mashua mbili zina watu waliokaa kimya kabisa, na ufukoni watu kimya vile vile, na saa inakwenda. Aliyetutoa hapo ni nahodha. Alipanda kwenye mashua ya kwanza, akaenda tezi, akaanza kupiga ubavu wa chombo kwa kiganja, pigo moja, pigo moja, kama mpigaji wa kwanza wa amadinda. Kisha akatoa mwito kwa Kiganda, nusu kuimba: mutuule, yaani, mkae. Mabaharia wake wawili wakaitikia kwamba wamekaa. Akaita tena kwamba wavae. Wakaitikia kwamba wanavaa. Hayo ndiyo maagizo ya usalama aliyoyatoa siku zote kwa abiria wake, na hatukuwahi kumwuliza anayatoaje. Wazee waimbaji watano walikwisha dakia kiitikio kabla ya mwito wa tatu. Katika muda wa dakika tano kila mtu alikuwa amekaa, boya limefungwa, mikono ndani, na hapakuwa na aliyeamrishwa.

Mwalimu wa lugha hawezi kulipita jambo hili bila kulitazama kwa jicho la kazi yake. Katika Kiganda, unapowaagiza watu wengi, kitenzi huchukua kiishio cha -e na kiambishi cha mtendaji mbele yake: mutuule. Ni umbo lile lile la kumtakia mtu jambo. Amri na mwaliko huvaa nguo moja, na sauti ya msemaji ndiyo inayopambanua. Kiswahili kimejaliwa maumbo zaidi: tunayo kaa, tunayo kaeni, tunayo mkae, na tunayo tukae, ambalo anayelisema anajihesabu pia miongoni mwa wanaokaa. Mali yote hii tunayo, lakini katika madarasa yetu ya Uganda tumekuwa tukianza na kipi? Fungua kitabu chochote cha miongozo tuliyojiandalia wenyewe na utaona: somo la kwanza, "Simama! Kaa! Njoo! Nenda!" Tumefanya hivyo kwa kuwa ni rahisi kwa mwanafunzi, mzizi mtupu, hauna kiambishi. Hatukujiuliza mtoto huyo, arudipo nyumbani akafanye zoezi lake kwa sauti, ni nani anayemsikiliza jikoni.

Mashua ziling'oa saa tisa na nusu. Wanafunzi wetu, ambao ni wepesi kuliko sisi, walikwisha uchukua mwito wa nahodha wakautia Kiswahili. Mmoja akiita "Tukae?" wengine wakijibu kwamba "Tumekaa!", "Twende?" "Twendeni!" Kwa namna hiyo tukapita mbele ya ufuko. Amadinda ya nchi kavu ilijibu, vigogo vyake vya mgomba vimekatwa asubuhi ile ile vingali vinatoa maji. Tulipokuwa majini tuligundua kwamba sauti za mpigaji wa pili ndizo zilizotufikia kwanza, sijui kwa upepo au kwa jinsi alivyoketi, na wale wazee wakacheka, wakasema hata ikulu ilikuwa hivyo ukisimama nje ya uzio.

Pia tusiseme kwamba amri kavu haina mahali pake. Tuliporudi, mnamo saa kumi na mbili kasoro, upepo ulikwisha badilika, na wimbi moja lilitupiga ubavuni karibu na ncha ya nchi. Vijana watatu waliinuka ili kutazama. Nahodha akapaza sauti, neno moja, kwa Kiswahili: "Kaa!" Wakakaa kama walioangushwa. Hapakuwa na kiambishi, wala tafadhali, wala wimbo; na lau angetia vitu hivyo pengine tusingekuwa tunaandika. Hakuna aliyeogopa neno lile. Alikuwa amekaa pamoja nao tangu mwanzo, amelowa pamoja nao, na walijua kwamba chombo kikizama anazama nacho. Tumelizungumza jambo hili mara nyingi katika kamati na hatujakubaliana sote. Wengine wetu wanashikilia kwamba neno ni neno, na kwamba umbo la kitenzi lina lawama yake. Wengine twaona kwamba tofauti ilikuwa mahali aliposimama msemaji: yule wa kwanza alisimama ubaoni, nje ya mashua.

Tulipofika mwaloni tulimkuta Jjajja bado yupo. Wale 33 waliobaki walikuwa wamemzunguka, wanakamati wetu watano miongoni mwao, na alikuwa anawafundisha wimbo wa watoto wa kupiga makofi. Hawakuonekana kama watu walionyimwa kitu. Chakula chake kilikuwa kando, kimefunikwa kwa jani la mgomba, alisema alitusubiri.

Wiki iliyofuata tulikwenda watu watatu kumjulia hali nyumbani kwake. Alitukaribisha kwa chai na mandazi, akatuhadithia habari za kaka yake aliyekuwa akipiga ngoma, na jinsi watu walivyoficha ala katika mashamba ya migomba baada ya mwaka 1966. Habari ya lori hakuigusa, nasi hatukuiuliza. Jua lilipoinama tuliinuka kuaga. Desturi ya Kiswahili, kama mjuavyo, ni kwamba anayeondoka humwambia anayebaki: kaa salama. Neno lilitufika ulimini likakwama. Tulitazamana. Yule mwenzetu wa kipaza sauti, ambaye alisisitiza kuja nasi, ndiye aliyesema: "Ukae salama, Jjajja." Alilisema kwa -e, akalisema chini kwa chini. Jjajja hakutambua lolote, au kama alitambua hakuonyesha. Alitupa baraka zake kwa Kiganda, akatusindikiza hadi kwenye ua.

Mwaka huu tutafanya tena, Mungu akipenda. Orodha ya wageni itashikwa na mtu mmoja, nayo itafungwa ikifika 50. Maagizo ya usalama yatatolewa na nahodha mwenyewe, nchi kavu, kabla ya mtu yeyote kukanyaga ubao, kwanza kwa Kiganda kisha kwa Kiswahili. Somo la kwanza la miongozo yetu ya jioni tumelibadilisha. Sasa linaanza na karibu, na tukae, na tule, na twende. Matawi mengine yanayofundisha Kiswahili mahali ambapo lugha hii iliwahi kuja na bunduki tunayaomba yatuandikie: ninyi mnaanza na neno gani?

Jjajja tumempelekea mwaliko. Hatukumwandikia apande. Tumemwandikia kwamba chini ya mwembe patakuwa na mkeka, na kwamba baadhi yetu tutakaa naye.